Mtunza Stoo wa Nyakato

Eugenia alitunza stoo ya kiwanda cha nguo miaka kumi na saba, na hakuna hata sindano iliyopotea mikononi mwake. Kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, alichukua kiinua mgongo chake, akanunua kompyuta tatu zilizotumika na kufungua darasa Nyakato, Mwanza. Watu walimcheka. Mama mzima, tena wa stoo, eti anafundisha kompyuta! Alijifunza vitabuni, akiwatangulia wanafunzi wake ukurasa mmoja tu.

Mwaka 1999 ilibidi aamue awafundishe nini waliotaka kutengeneza kurasa za intaneti zinazomjibu mtu, si za kusomwa tu. Dukani mjini kulikuwa na programu ya kupendeza ndani ya boksi, yenye leseni ya mwaka mmoja; usipolipa tena, inajifunga. Ndalahwa, fundi wa kompyuta aliyepita akielekea Musoma, alimwachia CD zenye Linux, Apache na PHP, programu za kuendesha kompyuta na kutengeneza kurasa hizo, zote za bure, na kila mstari wa ndani unasomeka. Alijaribu pia Perl, lugha nyingine ya kuandikia programu, ikamtoa jasho. PHP ikamfaa: mwanafunzi anaandika maneno machache katikati ya ukurasa, anaufungua, na kompyuta ileile, bila intaneti, inamjibu. Wanafunzi wanne walihama, wakisema cha bure ni cha ovyo. Eugenia hakutetereka.

"Hii ni ya wote," aliwaambia waliobaki. "Hakuna atakayekuja kutufungia."

Kisha akaifunga mwenyewe. Hakuwa na ubaya, masikini. Stoo ilikuwa imemwingia damuni. Kila mashine aliiwekea neno la siri alilolijua yeye peke yake, disketi zenye kazi za wanafunzi akazifungia kabatini. Asubuhi anafungua, jioni anafunga.

Aliyekuwa mbele ya wenzake wote ni Selina wa Buswelu, mama wa watoto wawili, mkata minofu katika kiwanda cha samaki. Waajiri wake walitafuta mtu wa kuwatengenezea ukurasa wa kupokea oda, wakamwambia alete kazi yake Jumatano waione. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka kwenye maji ya barafu yaliyomla vidole.

Ijumaa kabla ya Jumatano hiyo, mama yake Eugenia akafariki huko Bukoba. Eugenia alipanda meli siku hiyohiyo akilia, funguo mkobani. Kijijini hakukuwa na simu. Alizika, akakaa matanga, na darasa halikumjia akilini mpaka Alhamisi, akiosha vikombe, Jumatano ya Selina imeshapita. Akaaga, akawahi meli.

Meli ilipotia nanga Mwanza, hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja Buswelu, akamkuta Selina uani akijiandaa kwenda zamu.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Selina, ile Jumatano..."

"Nilikwenda. Niliiandika programu yote kwenye daftari, kutoka kichwani. Wakasema wanataka kuiona inafanya kazi. Wamemchukua mtu mwingine."

Selina aliingia ndani, akatoka na bahasha. "Tumechanga rambirambi, sisi wanafunzi wako."

Eugenia aliipokea kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nalinda mali."

"Mali ya nani, mwalimu?" Selina aliuliza taratibu, bila hasira. "Si ulituambia ni ya wote?"

Gari la kiwanda likapiga honi barabarani, na Selina akainama kuvaa mabuti yake.