Karani Aliyebandika Amri

Nilisikia nyundo kabla sijaona jeneza. Nilikuwa nikipita nyuma ya karakana ya seremala hapa Nakuru, vumbi jeupe likipanda kutoka upande wa ziwa, nikauliza kupitia ua: "Fundi, hilo la nani?" "La yule karani wa zamani wa mahakama. Alikufa jana. Mrefu kweli, amenimalizia mbao." Nikasimama pale kama niliyesahau njia. Nilikuwa na ugomvi na marehemu, na sasa hautakwisha.

Kazi yake ilikuwa kubandika amri mpya kwenye ubao wa nje na kuwasomea watu kwa sauti. Mwaka wa ugomvi wetu, mjane mmoja kutoka kijiji cha Bahati, muuza maziwa, alikamatwa kwa kuingia mjini na debe lake bila kibali, kosa lililotungwa wiki hiyo hiyo. Watoto wake wanne hawakuwa na mtu mwingine. Mahakamani, karani alisimama bila kuitwa. "Bwana hakimu, amri hii haiwi sheria mpaka ibandikwe. Nimeibandika leo asubuhi. Mama alikamatwa jana." Yule mama akaachiliwa. Sisi tuliokuja kusikiliza kesi tulimbeba karani juu juu hadi barabarani, na mimi, mwandishi wa gazeti, nikipiga kelele kuliko wote. Mama alipotaka kummiminia maziwa, alikataa. "Usinishukuru, mama. Jana haikuwa sheria. Leo ni sheria. Ukirudi bila kibali utafungwa."

"Wewe nawe, mzee wangu, una mzaha!" mama akacheka, nasi tukacheka naye. Tulidhani tumepata mtetezi.

Jumatatu akarudi na debe, bila kibali, akakamatwa tena. Safari hii hakimu alimwuliza karani swali moja tu: tangazo lilikuwa ubaoni? Mvua kubwa ilikuwa imenyesha Jumapili. Angeweza kusema karatasi ilianguka, na hakuna ambaye angebisha. Mama alimtazama, bado akitabasamu. "Lilikuwapo," karani akasema. Miezi miwili jela. Watoto waligawanywa kwa majirani kabla jua halijatua.

Nilimfuata karani ofisini, nikamwambia: "Sheria isiyo na haki si sheria!"

"Ni sheria, kijana. Ina sahihi, ina mhuri, imebandikwa. Ubaya wake hauifuti. Nyinyi waandishi mnataka kila kibaya kipewe jina lingine, mpate kulala."

"Na wewe unalala?"

Mimi tangu siku ile silali vizuri. Kuna asubuhi ninamtaka aseme ule uongo mdogo, watoto wale wanywe uji kwao. Kuna jioni ninaona kwamba tukisema amri mbaya si sheria, tunamsahau aliyeitia sahihi, kana kwamba ilishuka na mvua. Nimejifunza hili tu, na ninalisema bila utulivu: kujua sheria ni ipi ni kazi moja, kuamua utaifanyia nini ni kazi nyingine, na ole wake anayemaliza ya kwanza akadhani amemaliza zote.

Yeye hakudhani hivyo. "Umebisha kama ni sheria, nimekujibu," aliniambia siku ile. "Kama mtu aitumikie, hilo hujaniuliza." Nikamwuliza. Akachomoa funguo za ofisi mfukoni, akaziacha juu ya karatasi zake, akachukua kofia. Akatoka bila kunitazama, na mlango ukajifunga nyuma yake.