Mi Njo Niliharibu Dubai ya Yaya Yangu

Bandugu, makosa ni yangu. Yote! Musitafute muntu mwingine, na musiseme ni shetani, shetani ile siku alikuwa congé, likizo. Mi mwenyewe, na mudomo yangu hii, nilimutuma yaya yangu, dada yangu mukubwa, mu moto ya jehanamu na valise mukononi, na nikamupungia mukono nikicheka!

Jina siandike. Brussels iko ndogo sana: ukikohoa Schaerbeek, banakuambia pole Ixelles.

Bon, nianze ku mwanzo. Miaka kidogo nyuma nilienda China kutafuta bintu ya kuuzisha, makava ya simu na masaa za kung'ara. Ndege ikasimama Dubai, transit, masaa sita. Six heures, bandugu! Nilifanya nini? Nililala ku kiti mpaka maman wa kufagia akanigonga ufagio ku muguu. Nikaamka, nikazungukazunguka, nikanunua chapeau imeandikwa Dubai mbele na nyuma. Kiisha, ndege ingine.

Njo ile tu! Dubai yangu yote ni ile.

Lakini niliporudi nikaingia na ile chapeau mu salon de coiffure moja ya hapa Ixelles, fasi siye wanaume ya Katanga tunakaaka mchana yote hata kama hatuna nywele. Muntu akaniuliza: "Aba! Ulikuwa Dubai?" Nilikuwa naweza kusema transit. Neno moja, haina hata kilo! Kumbe mudomo ikajibu peke yake: "Trois semaines, papa, wiki tatu nzima."

Na uongo ukisimama, unataka kutembea. Nikaanza kusema nilipanda ngamia, na ile ngamia ilinipenda, siku ya kuondoka ililia machozi kama ndoo mbili. Nikasema nilipanda ascenseur ya haraka sana: mi nilifika juu, tumbo yangu ikafika nyuma, imekasirika. Nikasema sheikh moja alitaka kunipa binti yake, nikakatala juu chakula yao haina pilipili.

Bantu balicheka, na kwa kucheka balikubali. Bakaniita Ambassadeur. Kila muntu wa kwenda vacances anakuja: "Ambassadeur, tulale wapi? Tuvae nini?" Na mi nilikuwa najibu! Papa moja nilimushauri abebe costume ya laine, sufu nzito, trois pièces, juu kule banaheshimu muntu wa kuvaa. Tangu alirudi, hanisalimie.

Sasa yaya yangu.

Maman alituacha nikiwa na miaka ine. Yaya njo alinilea. Alinibeba ku mugongo mpaka miguu yangu ikaanza kukokota chini! Hapa Brussels amefanya kazi ya kuogesha bazee mu maison de repos miaka na miaka. Anakaa Etterbeek, appartement ndogo, na vacances yake ni kulala. Mwaka huu alifikisha soixante ans, miaka makumi sita. Siku moja akaniita, akaniwekea chai mbele, akasema:

"Ndugu, mi pia ninataka kuona bintu kubwa mbele nikufe. Niko naenda Dubai."

"Dubai? Juu ya nini Dubai?"

"Si mambo yako ya ngamia njo ilinitia hamu? Tuende wawili. Billet yako mi njo ninalipa. We unanitembeza tu."

Bandugu, muliskia ile? Dubai ya bure! Hôtel ya bure, na kula ya bure! Nilikuwa na nafasi ya kuiona kweli na macho yangu.

Lakini nikaanza kupiga hesabu ya aibu. Tukifika, yaya atasema: tuende ku ile hôtel ulilala. Atasema: nionyeshe rafiki yako sheikh. Nikaogopa. Nikanywa chai polepole, nikakunja muguu sawa patron.

"Yaya, mi Dubai nilishaimaliza. Ni sawa muntu amekula bukari asubuhi, midi, soir. Enda we, ufurahi. Mi nitakuongoza na simu kutoka hapa."

Akaniangalia kidogo. Sura yake ilishuka, niliona. Akasema: "Bon. Basi niambie kila kintu."

Na mi nikamuambia kila kintu, mi ile sijue kintu!

Aende mwezi gani? "Août, yaya, mwezi wa nane! Bantu ni kidogo, na upepo ya bahari inapita, utabeba hata pull-over." Taxi? "Taxi ni ya bavivu. Kule yote iko karibu, dix minutes na miguu." Carte SIM? "Usinunue, ni wizi. Wifi iko kila fasi, hata ngamia iko na wifi! Ukipotea unaniita na internet, ninakuona mu vidéo, ninakuambia: geuka kushoto."

Kiisha nikachukua karatasi ya misa, nikageuza nyuma, nikamuchorea ramani. Mitende kubwa, hapa. Ukuta ya maji, pale. Duka ya zahabu, mbele yake banauza parfum. Train haina chauffeur. Yaya akaikunja muzuri, akaiweka mu sac yake karibu na rozari. Karibu na rozari!

Akaenda. Siku ya kwanza akatuma audio kutoka hôtel: "Ndugu, nimefika. Iko moto sawa muntu amefungua mulango ya four ya mikate. Sijue, pengine ni leo tu. Kesho ninatoka na ramani yako." Nikajibu: "Ni leo tu, yaya." Nikalala usingizi ya mutoto.

Kesho yake, asubuhi, mvua inanyesha hapa Brussels sawa kawaida, niko mu salon ninaongea. Maman moja ya biashara alikuwa pale banamusuka. Tumuite Maman Gisèle. Hatukukutanaka mbele. Anaendaka Dubai mara tatu mu mwaka kuleta pagne na mikufu.

"Ah, njo we Ambassadeur? Balinisifia we sana. Ulikuwa unakaa quartier gani?"

"Centre."

"Centre gani?"

"Ile ya katikati, maman."

Bakacheka. Hata yeye akatabasamu. "Na famille hapa Brussels, ulikuwa unaongea nayo ginsi gani?"

"Na internet! Vidéo, kila soir. Hata sasa yaya yangu iko kule, akipotea ataniita."

Maman Gisèle akageuka na nywele nusu imesukwa, nusu imesimama sawa imeona simba.

"Papa, kule kuita na internet haipite. Bameziba. Audio inaenda, message inaenda, lakini kuita, hapana. Kila muntu anashuka kule anaijua siku ya kwanza, hata mutoto."

"Ah, mi nilikuwa na arrangement na sheikh."

Hakuna muntu alicheka.

"Yaya yako iko na miaka ngapi?"

"Soixante."

"Na ulimutuma mu août? Iko moto ya quarante-quatre degrés, papa! Mi mwenyewe mu août sifike kule hata kama banagawa zahabu bure! Na amenunua carte SIM?"

Mashine ya kunyoa ikasimama. Muntu wa kunyolewa alikuwa na nusu ndevu, hakulalamika. Bote bananiangalia.

Nikatoa simu, nikaita. Hapana. Nikaita tena. Mara quarante, ao mia, sikuhesabu! Haipite. Nikatuma audio: "Yaya, uko wapi? Rudi hôtel! Kunywa maji!" Ile audio ikabaki na kialama kimoja tu, haifike.

Bandugu, mi ni muntu wa kucheka. Hata ku deuil, ku matanga, banasema munitoe inje. Lakini ile saa nilimuona yaya peke yake ku barabara ya goudron, na miguu yake ya kuvimba ya kazi, rozari mu mukono moja na karatasi yangu mu mukono ingine. Nikakaa ku kiti ya coiffeur, nikaanza kusali Salamu Maria kinyume, nikianza na amina.

Saa nzima ikapita. Kiisha simu ikalia: audio. Maman Gisèle njo aliichukua, akaweka haut-parleur. Salon yote ikasikia.

Ilikuwa sauti ya mwanaume, Kiswahili ya Kenya.

"Hallo bwana, habari yako? Mimi ni security guard hapa Dubai, natoka Kenya. Usijali, mama yuko sawa. Nimempata kando ya highway, amekaa chini, anaomba Mungu kwa Kiswahili. Nikasema, hiyo lugha naijua! Sasa yuko kwa office yangu, AC iko on, amekunywa maji, nimempa hotspot. Lakini bwana, nina swali moja tu. Huyu mama amenionyesha map yenye ulimchorea. Mimi nilifanya kazi airport mwaka mzima. Hiyo mitende, huo ukuta wa maji, hilo duka la gold... Bwana, hii ni ndani ya airport! Mama amekuwa akitafuta duty free barabarani!"

Na nyuma yake, mbali, sauti ya yaya, imechoka:

"Muulize... alitokaka inje?"

Yo! Makelele ile salon ilitoa, mi nafikiri hata ku palais ya mufalme balifungua dirisha! Coiffeur alianguka ku fauteuil. Papa ya nusu ndevu akalia machozi. "Ambassadeur wa transit!" "Excellence, nipe visa ya duty free!" "Sheikh alikuwa anafagia!" Na mi pia nilicheka. Juu niliskia sauti yake, iko muzima. Kiisha nikalia mbele ya bantu bote, chapeau usoni.

Yaya alikuwa na siku sita tu. Tatu alizilala mu hôtel, docteur akamuwekea sérum, miguu imevimba sawa mikate. Siku ya mwisho ule Mukenya na bibi yake bakamuchukua soir na metro, yaya na ule bibi mu wagon ya wanawake peke yao, bakamuonyesha maji ya kucheza muziki. Picha aliziweka mu groupe ya famille. Ku simu yangu, hata moja hapana.

Aliporudi, nikachukua tram na maua mukononi, nikaenda Etterbeek. Akanifungulia. Alikuwa amepika sombe na bukari, akaniwekea sahani, akaniacha nile kidogo. Kiisha akakaa mbele yangu.

"Ndugu, niambie na mudomo yako mwenyewe. Ulitokaka inje ya ile aéroport?"

Bandugu, Mungu alifungua milango yote miwili! Kilichobaki ni kusema hapana. Muntu ameshajua, salon imeshajua, Kenya yote imeshajua!

Na mudomo yangu ikasema: "Nilitoka kidogo, yaya... ku parking."

Hakupiga kelele. Afazali angenitupia nyungu! Alisimama tu, akachukua sahani yangu, sombe ikingali ndani.

"Mi sikukasirika juu ya jua. Jua ni ya Mungu. Ungeniambia tu: yaya, sijue. Tungeenda wawili, tungepotea wawili, tungecheka mpaka leo. Sasa enda ku nyumba yako. Siku utapata jibu ingine, utarudi."

Ni miezi sasa. Mu salon bananiita Terminal, ile hainiume, mi mwenyewe ningejiita vile. Lakini dimanche, siku ya misa, ni mbaya. Dimanche saa ya kula ninapanda bus mpaka Etterbeek, ninashuka, ninaona dirisha yake imefunguliwa, ninasikia arufu ya sombe, ninarudi Schaerbeek kula frites. Frites na machozi haitake chumvi!

Na munisikie, benye mudomo mwepesi, ninawajua, muko bengi kunishinda. Muntu akikuuliza njia ya fasi haukufikaka, sema sijue! Inauma dakika moja, inaisha. Na kama unaenda Dubai kweli, uliza bamaman ba biashara: enda janvier, mwezi wa kwanza, nunua carte SIM ya kule, chukua metro, beba maji. Muntu mwenye chapeau imeandikwa Dubai mbele na nyuma, usimuulize hata saa!

Yaya, ninajua unasomaka hii fasi tunaandikaka mambo yetu kila dimanche na miwani yako, unasoma na sauti. Basi soma na hii. Jibu ingine njo hii: sikutokaka inje. Hata hatua moja. Ile parking sikuionaka hata ku dirisha, ndege ilikuwa mbele yake.

Na ile sahani, yaya, sikuwa nimemaliza.