Maji Hufika Wakija Wageni

Jumatano ya tarehe kumi na nne Agosti, miaka miwili iliyopita, saa nne asubuhi. Hapo ndipo ulimi ulimponza mzee huyu, na mpaka leo hajaupatia dawa.

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu hii, amepiga magoti juu ya zege lililolowa. Anashika gurudumu la chuma kwa mikono miwili na kulizungusha hadi ligome. Bomba linakohoa mara mbili, linanyamaza. Hiyo ni koki ya kijiji. Ya pili, ya shamba la parachichi lenye miti elfu sita, haifungwi ila bomba likipasuka.

"Parachichi zimeshaoga, Bwana Koki?" anauliza mwanamke aliyechelewa, madumu yake mawili matupu.

"Zimeoga, shemeji. Bado kupakwa mafuta tu."

Hakuna anayecheka.

Kijiji hupata maji kwa saa mbili, mara mbili kwa wiki. Wakubwa wa shamba wanasema ndivyo mkataba ulivyo. Yeye hajawahi kuuona, na hata angeuona, aliishia darasa la tatu. Anachojua ni kwamba wanunuzi wa ng'ambo wanataka tunda la kujaa kiganja, masika na kiangazi.

"Wanakula kiangazi chetu," anasema, "wala hawajui kina ladha gani."

Wapo wanaotaka kujua. Ndiyo maana Jumatano ile walikuja wageni kukagua kama matunda yanalimwa bila kumwonea mtu, ili maboksi yabandikwe nembo. Siku mbili kabla, msimamizi wa shamba alimwagiza mzee afungue koki ya kijiji na aiache wazi. Maji yakamwagika hadi mbuzi wakashangaa.

Mama mmoja mwenye kofia pana akamuuliza kupitia kwa mkalimani, "Mnapata maji ya kutosha?"

Nyuma ya mzee msimamizi alikuwa anasafisha koo. Mbele ya mzee alisimama mkewe, ndoo kichwani.

"Ndiyo," akajibu. "Tunashukuru."

Wakampiga picha. Koki ikafungwa kabla vumbi la magari yao halijatulia. Mkewe alimwekea chakula, akamwambia, "Kumbe tumeshiba maji, mume wangu, na mimi sina habari."

Oktoba, bustani yake ya mboga ikiwa imekauka, mkewe aliteleza korongoni akirudi mtoni na ndoo. Nyonga ikavunjika. Siku ya kumi na moja walimzika. Maji ya kumwosha yalichotwa kwenye tangi la shamba, kwa kibali chenye mhuri. Kibali hicho mzee anacho, amekikunja ndani ya mfuko wa nailoni.

"Wa ofisini ndio waliomuua," anasema. Anafuta mikono kwenye suruali, ingawa imeshakauka. "Lakini ofisini hakuna aliyesema ndiyo. Aliyesema ni mimi."

Kuacha kazi hawezi. Mkwewe anapanga matunda kwenye maboksi hapo hapo shambani, na wajukuu watatu wanakula kwa mishahara hiyo miwili. Kila boksi lina picha ya mzee anayetabasamu kando ya bomba linalotiririka.

"Baba, leo nimekufunga mara mia nne," mkwewe humtania akirudi kazini. Siku hizi utani huo umepungua.

Jana msimamizi alimjia tena. "Mzee, kesho kutwa fungua ya kijiji. Alhamisi wageni wanakuja. Yule mama wa kofia amekuulizia wewe. Anasema wewe ndiye anayemwamini."

Shati jeupe alilovaa msibani limeshapigwa pasi, linaning'inia mlangoni. Mkwewe alilipasi bila kuuliza kitu. Mzee anasema anataka safari hii ajibu kama mtu mzima, kisha anawatazama wajukuu wakigawana maji ya kunawa kwenye bakuli moja.

Alhamisi saa nne, bomba likiwa linatiririka na msimamizi akiwa nyuma yake, mkalimani atamgeukia na swali lile lile: mnapata maji ya kutosha?