Vitambaa kwenye Soya ya Prudencia

"Mama mdogo, mbona unaifunga vitambaa hii mimea mifupi, na ile mirefu mizuri unaiacha?"

Gladness aliuliza hivyo akiwa darasa la nne, amesimama katikati ya shamba la soya kule Buswelu. Prudencia, mke wa baba yake mdogo, alikuwa ameng'ata vipande vya kitenge chakavu. Aliinama, akafunga kingine.

Moyo wake haukuwa na nafasi ya maswali. Asubuhi ile mumewe, Ngosha, alikuwa amesema kwa upole wake uleule: msimu ujao asipoona hata mstari mmoja wa soya ya maana, shamba linarudi kwenye mahindi. Na Prudencia, Mhaya aliyeolewa katikati ya Wasukuma wa mahindi na pamba, aliipenda soya kama mama anavyompenda mtoto mtundu.

Mwanzoni, kabla ya vitambaa, alikosea kama ambavyo yeyote angekosea. Kwenye soya yake ya kwanza alichukua mbegu kwenye mashina marefu, yenye majani mapana. Shamba likapendeza mpaka wapita njia wakawa wanasimama! Halafu ikaja mvua ya upepo kutoka ziwani, soya ikalala chini yote. Walionenepa ni mbuzi.

Akarudi kwenye masalia ya mbegu aliyonunua sokoni, akapanda upya, safari hii akachagua mashina yenye maganda mengi kupita yote. Maganda yakaja kweli, yamesongamana. Ila yalichelewa kukomaa, mvua ikakata, na punje zikabaki nyembamba, nyingine hazikujaa kabisa.

"Haya, mama maganda," Ngosha alimtania, "nani atakula hivi vitu?"

"Wewe. Na sahani utalamba."

Prudencia alicheka, lakini ndipo ule mtindo wa vitambaa ulipoanza. Mbegu ya sokoni, aliyoipanda tena, ilikuwa mchanganyiko, kila shina na tabia yake. Akaacha kutazama shamba zima, akatazama shina mojamoja: hili limetoa matawi chini kabisa, lile limekomaa mapema, lile lingine punje zake nene. Kila lenye kitambaa alilivuna peke yake, mbegu zikakaa kwenye kopo lake, na mvua ziliporudi zikapata mstari wake. Hebu fikiria subira hiyo!

Mistari mingi ilimwangusha. Mmoja, uliotokana na shina fupi lisilo na sifa, ulisimama. Upepo ukapita, wenyewe umesimama. Maganda yake hayakuwa mengi ya kutisha, ila yalijaa, na yalikauka mvua ikiwa bado ipo. Ngosha aliupura mwenyewe. Akazikusanya punje, akazipima kwa viganja.

"Mama," akasema mwishowe, "na kale kaeneo ka kule bondeni, tupande hii hii?"

Leo mbegu hiyo iko kwenye mashamba ya majirani wengi, na uji wa soya umezoeleka Buswelu kama chai. Juzi Gladness, sasa kidato cha tatu, alimkuta Prudencia shambani, vitambaa begani na kimoja mdomoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile swali langu hukulijibu. Ulijuaje kwamba ile mifupi ndiyo yenyewe?"

Prudencia alitoa kitambaa mdomoni.

"Sikujua. Ile mirefu nilikuwa nimeshaiuliza, ikanijibu. Hii mifupi hakuna aliyewahi kuiuliza."