Mtoto Aliyekosekana Kwenye Makala

Wakati ule tulikaa kambi ya wafanyakazi wa reli hapa Kamina, nyumba ya matofali yenye mlango usiofungika vizuri. Mume wangu alikuwa muuguzi wa dispensari ya kambi. Kila juma alipita nyumba kwa nyumba akiwapa watoto wadogo kinini, dawa ya malaria, ili ijulikane kama homa ingepungua. Mwisho wake munganga, yaani daktari Mzungu aliyemsimamia, akamwambia aandike makala ya kupeleka kwenye jarida la madaktari huko Ulaya, na jina lake litiwe chini ya la munganga. Jioni ile mume wangu alitembea kama mtu aliyenunua treni.

Aliandikia kwenye meza yangu ya kukandia unga. Makala ya kwanza ilianza kwa salamu. Ikafuata habari ya kambi, nani katoka Kasai, nani ni Muluba wa huku, mpaka msomaji afike kwenye kinini amekwisha choka. Kwetu ndivyo habari inavyoletwa, huwezi kutupa jambo mbele za watu kabla hujaketi. Munganga hakumcheka. Alimpangia sehemu nne. Kwanza, tulitaka kujua nini. Pili, tulifanyaje, na watoto gani, na dawa kiasi gani. Tatu, tuliona nini, bila kuongeza wala kupunguza. Nne, tunafikiri maana yake nini, na wapi tumepungukiwa. Na kila mtoto aliyeingia sehemu ya pili lazima aonekane sehemu ya tatu.

Alinieleza hayo yote huku namenya mihogo.

"Sasa salamu mutatia wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna salamu."

"Basi bale bantu banakosa heshima."

Alicheka, nami nikafurahi, maana miezi ile kicheko kilikuwa kimepungua nyumbani kwetu.

Tulikuwa na mapasa, wasichana wawili waliozaliwa pamoja, na wote wawili walikunywa kile kinini. Mmoja alikuwa ametutoka. Pasa akifa, kwetu hatusemi amekufa, wala hatumlilii. Tunasema amekwenda kutafuta kuni. Ukimlilia, aliyebaki atasikia na kumfuata. Kwa hiyo nilimzika mwanangu macho makavu, nikarudi nyumbani kumnyonyesha mwenzake, na ziwa moja likaniuma kwa kujaa. Majirani waliendelea kuniita mama ya mapasa na kuwasalimu watoto wawili. Niliwashukuru, na nilitamani wanyamaze.

Makala ya pili nayo ikarudishwa. Mtoto mmoja amekosekana, alisema munganga. Aliingia sehemu ya pili, sehemu ya tatu hayupo. Yeye alidhani ni kosa la kujumlisha. Mume wangu akaketi mezani na kalamu yake, haandiki kitu.

"Andika kama alihama," nikamwambia. Reli ilihamisha watu kila mara.

"Ile iko uongo, mama."

"Basi batoe bote wawili. Sema mapasa hawakuingia."

"Balikunywa dawa bote wawili. Na homa njo ilimubeba mumoja. Kama tunaficha, munganga mwingine atazani mutoto mwenye kukunywa kinini hawezi kufa. Atamuambia mama yake arudi kunyumba."

"Na huyu mwenye kubakia?"

Aliinua macho, akaangalia nje. Mtoto wetu alikuwa uani akivuta mkia wa kuku, na kuku anapiga kelele.

"Miye pia naogopa," akasema.

Sikuwa nimemsikia akisema hivyo tangu anioe. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia munganga na sehemu zake nne, nikakikasirikia hata kinini chenyewe. Lakini yule mama aliyeambiwa arudi nyumbani hakuniondoka kichwani. Nilimwona na mtoto mgongoni, ametulia kabisa, kwa kuwa mtoto amekwisha kunywa dawa.

"Andika," nikamwambia. "Lakini andika mbele yangu."

Makala ilikuwa ya Kifaransa, nami sikukijua. Aliandika polepole, kisha akaweka kidole chini ya neno moja.

"Njo hii?" nikauliza, yaani ndilo lile tusilolisema?

"Njo hii."

Lilikuwa neno fupi. Nikalia. Nililia yote niliyoyameza tangu makaburini, kwa sauti, bila kujali nani anapita njiani, na mume wangu akaweka kalamu chini akalia pia. Uani kuku akanyamaza. Mtoto akaingia, akasimama akituangalia, halafu akapanda mapajani pangu akaanza kulia nasi, yeye ambaye hatukuwa tumemruhusu kumlilia mwenzake. Nilimshika kwa nguvu mpaka akalalamika.

Hakumfuata mwenzake. Ndiye anayenipikia leo, na chumvi anatia nyingi mno.