Saini ya Fundi wa Mwanga wa Njano

Dada yangu alikuwa fundi wa leza. Nasema alikuwa, ingawa yuko hai, tena yuko chumba cha pili anapiga pasi na kunikaripia kwamba nakaa na kalamu wakati vyombo vimejaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kulenga: kusogeza kioo kidogo unywele mmoja kushoto, unywele mmoja kulia, mpaka mwanga upite panapotakiwa. Wasomi na shahada zao wanahangaika wiki nzima, kisha wanamwita. Anagusa skrubu mbili, basi, kazi imekwisha. Nilikuwa namtania kwamba analipwa kwa kuzungusha skrubu. Ananijibu kwamba mimi nalipwa kwa kugonga mihuri, na hakuna anayenisema.

Maabara yao ilitaka leza ya njano. Ya kijani walikuwa wameshaizoea, lakini ile njano waliyoombwa na wapima nyota iliwatoa jasho. Alivyonieleza, unachukua miale miwili isiyoonekana kwa macho, unaikutanisha ndani ya fuwele ndogo kama punje ya mchele, inatoka njano. Isipokutana sawasawa, umeme wote unaishia kuwa joto na wewe unabaki na njano ya kuonea huruma. Miaka mitatu walibaki na hiyo ya kuonea huruma.

Mkuu wa maabara alimpenda dada, au ndivyo tulivyodhani. Tulipomzika mama alikuja, akakaa mpaka mwisho, akasaidia hata kupanga viti. Basi siku moja, wakaguzi wanatarajiwa kesho yake, njano ikawa hafifu mno. Miwani ya kinga, ile inayozuia miale isiyoonekana, ilikuwa inaimeza na hiyo njano pia. Dada hakuona kitu.

“Vua hiyo miwani, dakika moja tu,” Mkuu akamwambia. “Tuko wawili humu.”

Akavua. Njano akaiona, akailenga. Alipokuwa anainuka, mwale usioonekana ukagonga ukingo wa kioo ukamwingia jicho la kulia. Hakusikia maumivu, alisikia mlio mdogo tu ndani ya kichwa, pwa. Tangu siku ile, akifumba jicho la kushoto na kunitazama, anaona masikio yangu na haoni pua.

Mkuu alimsihi anyamaze kwanza. Leza imekaribia, alisema, tumalize, halafu mimi mwenyewe nitakusimamia. Na dada yangu, mjinga wa watu, akakubali. Miezi minane alilenga kwa jicho moja, na Mkuu akijua. Njano ikatoka, kali, nzuri, umeme kidogo mwanga mwingi. Mkuu akapigiwa makofi na wageni. Jumatatu iliyofuata akatoa agizo mafundi wote wakapimwe macho.

Sheria yao ni nyepesi kuielewa. Ukiumia kazini, unatibiwa na unapewa kazi nyingine. Ukijiumiza kwa kuvunja masharti, unaondoka.

Nilimsindikiza mwenyewe. Daktari wa macho alimtia matone ya kupanua mboni, yale yanayokufanya usiweze kusoma cha karibu kwa saa kadhaa, hata simu yako. Mkuu aliyajua vizuri matone hayo, naye hupimwa kila mwaka. Nikaenda dirishani kuchukua kadi. Niliporudi nilimkuta Mkuu pale kwenye benchi, anarudisha kalamu mfukoni. Akanipa pole, akaniita mdogo wake. Nikasema asante. Mpaka leo roho inaniuma kwa ile asante.

Nyumbani nikaifungua nakala aliyoachiwa. Ilikuwa taarifa ya ajali, na saini ya dada chini, imepinda. Nilitaka kumdanganya, lakini akanitazama.

“Soma yote,” akasema. “Hata tarehe.”

Nikasoma: nilivua miwani ya kinga kwa hiari yangu, kinyume cha maagizo ya mkuu wa maabara.

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Hasira zikanipanda, nikamgombeza yeye badala ya yule mwanaharamu, kwamba mtu mzima anasainije kitu asichokisoma.

“Alinisomea,” akasema. “Polepole, kila nukta. Alisoma kwamba nilivua kwa maagizo yake. Nikamwonea huruma. Nikamwambia hilo aliondoe, litamharibia, ana watoto.”

“Akasemaje?”

“Akasema hapana, liache, ni haki yako. Halafu akanishika mkono, akauweka kwenye mstari.”

Barua ya kumwachisha kazi ililetwa Ijumaa. Hiyo aliisoma mwenyewe, kwa jicho la kushoto.