Gundi Aliyoiita Aisinglasi

Baba yangu ni fundi seremala. Kabla gundi nyeupe ya dukani haijaenea kila mahali, alijipikia yake kwa matumbo ya samaki. Nasema matumbo kwa sababu ndivyo majirani walivyosema, huku wameziba pua. Kwa kweli kilikuwa kile kifuko cha hewa kilichojibana chini ya uti wa mgongo wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, ambacho wachuuzi hukiita bondo. Siku hizi mabondo yananunuliwa kule kule ziwani na kupelekwa ng'ambo, lakini enzi hizo yalikuwa takataka. Marehemu mama aliuza samaki sokoni Kakamega, akawa anakusanya ya kwake na ya wenzake na kuyaleta nyumbani ndani ya ndoo.

Watu walidhani gundi ile ni kazi ya baba. Baba alipika tu. Mama ndiye aliyepasua mabondo, akakwangua utando wa damu kwa kijiko, akayaosha maji matatu na kuyaanika juu ya mabati, kisha akakaa hapo na kijiti akifukuza kunguru na paka mpaka yakauke. Baba aliyaloweka na kuyapika ndani ya kopo lililosimamishwa kwenye sufuria ya maji, kwa moto mdogo, maana yakitokota gundi inakufa nguvu. Viti vya kanisa letu vimeshikwa na gundi hiyo hadi leo. Siku vilipowekwa wakfu baba aliitwa mbele akapigiwa makofi, na mama akabaki kwenye benchi la nyuma, ambako alikuwa amezoea kukaa ili harufu yake isisumbue watu.

Gundi yenyewe baba aliiita aisinglasi. Neno hilo alilipata kwa Mhindi mzee aliyemfundisha useremala hapa mjini, akalipokea pamoja na randa na msumeno bila kuuliza.

Kwetu, ukishasoma, kila kilichoandikwa Kiingereza kinakufuata: barua ya hospitali, pakiti ya mbegu, chupa ya dawa ya ng'ombe. Mimi ndiye niliyesoma, tena nikawa mwalimu wa hicho hicho Kiingereza, katika shule moja upande wa Likuyani. Likizo moja nimekaa nyumbani kwetu na rundo la mitihani, baba akaja akasimama mlangoni na kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Akaniuliza aisinglasi maana yake ni nini na limetoka wapi.

Sikujua. Sikuwahi hata kuliona limeandikwa. Simu ilikuwa mezani, karibu na kalamu nyekundu, na kusema sijui kusingenipunguzia kitu. Lakini baba alikuwa ameuza ng'ombe ili nijue Kiingereza, nami nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na kiburi. Nikamwambia ni jina la Mzungu aliyeitengeneza mara ya kwanza. Akauliza, kwa hiyo samaki hayumo kabisa ndani ya hilo neno? Nikamjibu hayumo, ni jina la mtu tu. Akanishukuru, akaondoka taratibu asije akanisumbua.

Mama alifariki mwaka uliofuata.

Muhula huu neno lile limejitokeza katika kifungu cha ufahamu, habari ya mafundi wa zamani, na msichana mmoja akanyoosha mkono kuuliza. Mbele ya macho arobaini sikuthubutu kubuni. Nikafungua kamusi kubwa ya shule. Gundi safi inayotokana na vibofu vya samaki, yaani mabondo, ndivyo ilivyosema. Asili yake Kiholanzi cha kale, neno lililoungwa kwa mawili: jina la samaki mmoja mkubwa wa huko kwao, na kibofu. Waingereza walipolichukua wakalipinda mwisho lifanane na neno lao la kioo, glass, kwa kuwa kitu chenyewe kikikauka kinang'aa. Hakukuwa na Mzungu yeyote. Kazi yote ya kutafuta haikumaliza dakika moja, na niliisoma mara mbili nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta baba anapiga randa ubao wa mlango. Nikamweleza yote, hata kwamba siku ile nilimdanganya. Nilitarajia anikaripie, au acheke, maana baba hupenda kumcheka mwalimu akikosea. Aliiweka randa chini, akapangusa ubao kwa kiganja.

"Si mimi nilikuwa nauliza," akasema. "Ni mama yako. Alisemanga lazima samaki iko ndani ya hiyo neno, kwa sababu hiyo kazi yote ni ya samaki. Tulibishana wiki mzima. Ndiye alinituma kwako."

Nikauliza kwa nini hakuja mwenyewe. Baba akasema aliogopa kunipotezea wakati, na kwamba siku ile alikuwa jikoni akingoja jibu.

Nilijua sikupaswa kuuliza zaidi, lakini nikauliza: ulipompelekea jibu langu, mama alisema nini?

Baba aliiokota randa yake.

"Alisema, basi mimi ndio nilikuwa najidanganya. Mwalimu ndiye anajua."